Diwani hakosi msiba, mtaro umeziba: tumpe alama ngapi?

Fundi Cherehani (Tanga mjini)

Assalaam alaykum, na habari za kutwa kwa wote. Naomba mawazo yenu, na wenye matusi wapite kando, jambo lenyewe linataka mtu aliyetulia.

Vijana wa mtaani kwetu wameamua kumpa diwani alama kama za mtihani, ya juu kabisa kumi. Wanataka ziandikwe kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani pale ofisi ya serikali ya mtaa siku ya mkutano wa hadhara, mwenyewe akiwa amekaa anaziangalia. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa na mwandiko wangu unasomeka, basi wameniletea mimi niandike. Kata siitaji. Jiji lina kata 27, chagueni mnayoipenda.

Vijana wamempa mbili. Nikawaonyesha kina mama wa kikoba chetu, wakanijia juu: mbili kwa lipi? Si ndiye huyu aliyeleta turubai na viti kwenye msiba wa jirani, akakaa mpaka khitma ikasomwa? Wao wanampa tisa. Ile moja wamemkata kwa sababu kwenye arusi ya binti wa mwekahazina wetu alituma bahasha badala ya kuja mwenyewe.

Sasa nimekaa na karatasi yangu tupu, maana siwezi kusema upande wowote unadanganya. Hakuna msiba unaompita yule bwana. Ukimpigia simu usiku wa manane anapokea. Maiti ikiwa hospitali ya Bombo anatafuta gari na mafuta anaweka yeye. Maulidi yupo safu ya mbele. Kuna kijana alichaguliwa kwenda kidato cha tano akakosa godoro na ndoo, diwani alinunua, tena bila kupiga picha. Hayo yote nimeyaona.

Lakini njooni mwione kona yetu. Mbele ya kibanda changu unapita mtaro wa zege, umejengwa vizuri tu, ulikuwa na mifuniko yake. Wauza vyuma chakavu wakagundua ndani ya ile mifuniko mna nondo. Usiku unasikia nyundo, asubuhi mfuniko ni kifusi ndani ya mtaro na nondo imeshakwenda kwenye mizani. Kifusi hakitolewi. Juu ya kifusi kuna vifuu vya nazi, chupa za maji, nepi za watoto, na siku moja niliona hata mguu wa kiti cha plastiki. Masika yakianza maji yanakuja kwa kasi kutoka juu, yanafika pale yanagoma, yanapanda barabarani, yanamwingilia muuza chapati halafu yananifuata mimi. Cherehani nimeinyanyua juu ya matofali. Sare za shule za watu nazitundika kwenye misumari karibu na dari, kuzishusha mpaka nipande stuli. Jirani yangu kaweka ubao wa mnazi ili wateja wavuke, na ukilowa unateleza kiasi kwamba wazee wanashikwa mkono.

Diwani anaujua huo ubao. Ameuvuka kwa kanzu, kaikunja mkononi, akienda kuzika.

Ukimuuliza, jibu ni moja: "Hilo si langu, hilo ni la TARURA, wakala wa barabara." Ukimuuliza taka, "hilo mtendaji." Maji, "hilo mamlaka ya maji." Na huenda kweli, mimi sijui. Ndiyo maana nauliza. Diwani anapimwa kwa lipi? Nataka niandike kwenye ile manila jambo ambalo akilisoma hawezi kusema si lake.

Bajaji Nyekundu

Shikamoo mama. Mbili ni nyingi, vijana wamekuwa na huruma.

Mimi nina hesabu moja tu. Tangu Julai 2021 kila lita ya mafuta iliongezwa shilingi 100 na tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za mitaani na vijijini. Sawa, tumekubali, tunalipa. Mimi nalipa kila siku asubuhi kabla sijapata hata abiria. Sasa naomba mtu aniambie ni diwani gani amesimama akauliza mia yangu imelala wapi. Beringi zinakufa, shokapu zinakufa, abiria mjamzito unamwambia ashuke atembee kidogo uvuke shimo halafu apande tena. Kwa hapa mjini mtu pekee anayeweza kumpa diwani kumi ni fundi wangu wa bajaji, maana anampa kazi.

Msiba nao usinichanganye. Na mimi nakwenda misibani, mbona hamnichagui.

Mtendaji Mstaafu

Waalaykum salaam, binti yangu. Nimekaa kwenye ofisi za kata muda mrefu, nimeandika mihtasari mpaka vidole vikapinda, basi ngoja nikupe ninayoyajua. Na wewe wa bajaji tulia, tutafika kwako.

Kwanza diwani hana hela. Watu hawaamini nikiwaambia. Mtia saini wa fedha za halmashauri ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi anateuliwa na Rais, hachaguliwi na mtu. Hata Meya, ambaye madiwani wanamchagua miongoni mwao, hana hundi mfukoni. Kwa hiyo lile turubai na lile godoro ni hela yake mwenyewe, au ya rafiki yake. Liandikeni mkitaka, lakini liandikeni kwenye wema wa mtu, udiwani ni habari nyingine.

Udiwani wake uko sehemu tatu. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Halafu anakaa kwenye kamati za kudumu za halmashauri. Halafu Baraza la Madiwani lenyewe, linalokutana kila robo ya mwaka. Kote huko kunaandikwa muhtasari, nani kasema nini, kimeamuliwa nini, nani atekeleze. Ukitaka kumjua diwani, usianzie kijiwe cha kahawa. Anzia kwenye muhtasari. Wapo wanaojulikana mjini kwa maneno makali, ukifungua kitabu mwaka mzima wamesema "naunga mkono hoja."

Sasa hayo ya "si langu". Nusu ni kweli. Barabara za mitaa zilitoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 TARURA ilipoanza, na zile kubwa ziko TANROADS. Maji hapa kwetu ni Tanga UWASA, hao hao waliouza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, yaani walikopa kwa wawekezaji. Diwani akisimama jukwaani akajisifu kwa bomba jipya, amechukua sifa ya watu. Na nyinyi mkimkata alama kwa sababu bomba limekauka, mmemwonea vilevile. Nakumbuka miaka ya 2010 lami zilipokuwa zinamwagwa hapa mjini, na taa, na mitaro. Ule ulikuwa mradi wa miji ya kimkakati, mkopo wa Benki ya Dunia, Tanga ikiwa mojawapo ya miji iliyochaguliwa. Nikaona madiwani wanabebwa mabegani! Mtu aliyeingia madarakani mwezi uliopita anashangiliwa kwa barabara iliyochorwa kabla hajachukua fomu.

Yaliyo ya halmashauri hasa ni haya: taka, masoko na ushuru wake, madarasa na vyoo vya shule za msingi, zahanati, viwanja, sheria ndogo. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Waulize hao mama zako wa kikoba kama kuna siku diwani aliwaita kuwaeleza fomu zinajazwaje. Hapo ndipo pa kumkata au kumwongezea.

Kuhusu mtaro wako. Ule ni wa barabara, kwa hiyo zege na mifuniko ni TARURA. Taka zilizomo ni za halmashauri. Wizi wa nondo ni wa polisi, lakini mnunuzi wa chuma chakavu ana mizani, ana uwanja, anajulikana, na baraza lina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Ofisi tatu, kila moja inakuambia nenda kwa mwenzangu. Sasa nani mwenye kiti mahali ambapo wote watatu wanaweza kuulizwa? TARURA huleta mipango yao barazani. Mkuu wa usafi yupo pale pale. Diwani akisema mtaro si wake, mjibu: zege si lako, swali ni lako.

Nenda ofisi ya kata uombe kuona muhtasari. Ongea kwa adabu, nenda asubuhi kabla hawajachoka.

Fundi Cherehani

Babu, shikamoo, na Mungu akuweke. Nimekwenda.

Wa kwanza niliyemkuta mezani akaniambia muhtasari si wa kuonyeshwa kila mtu. Nikamwambia mimi si kila mtu, mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa na vikao vya mtaa huu navihudhuria. Akasema nisubiri. Nikasubiri nikiwa nimesimama, kiti kimoja kilikuwa na mafaili. Mwishowe mtendaji mwenyewe akatoka, kijana mdogo, mstaarabu, akanifungulia kitabu akanisomea yeye, kidole kikifuata mstari.

Jamani. Mtaro wetu umo. Umo kikao baada ya kikao. "Suala la mtaro lilijadiliwa." "Wajumbe walisisitiza usafi wa mazingira." "Suala la mtaro litafuatiliwa." Hakuna jina la wa kulifuatilia, hakuna tarehe. Na aliyekuwa analiibua kila mara si diwani. Ni mwenyekiti wa mtaa wa pili, mzee mmoja mpole ambaye hapa kwetu tunamcheka kwa sababu anasinzia kwenye mikutano! Diwani yeye kaandikwa akifungua kikao, akishukuru wajumbe, akifunga kikao.

Nikawa tayari nimeshampa moja kichwani, moja na nusu nikimwonea huruma. Kijana akageuza ukurasa.

Vyoo vya shule ya msingi. Mnakumbuka watoto walivyokuwa wanapanga foleni, wa kike wanarudi nyumbani mchana hawarudi tena? Mle ndani ya kitabu diwani amelishikilia lile jambo kama mtu mwingine kabisa. Kauliza idadi ya matundu na idadi ya wanafunzi, karudi kikao kinachofuata kauliza tena, kakataa taarifa ya "mchakato unaendelea", kataka fundi wa halmashauri aje kupima na amepangiwa siku. Vyoo vimejengwa, watoto wanavitumia. Na mtaani hakuna hata mtu mmoja anayejua kuwa ni yeye. Mimi mwenyewe nilidhani ni wafadhili, maana siku hizi kila kizuri tunasema wafadhili.

Nikamuuliza mtendaji, mbona hakutuambia? Akacheka. Akasema, "Mama, mkutano wa hadhara hakuna anayemuuliza habari za choo. Wanamuuliza mbona hukuja kwenye arobaini."

Nimerudi nyumbani nimekasirika zaidi kuliko nilivyokwenda. Kumbe anajua. Kumbe akitaka anaweza kubana mtu mpaka kitu kikatoka. Basi mtaro kwa nini hakuubana?

Mama Nazi

Shoga, wa kwenu angalau anazika. Hebu nikupe ya kata yangu, ni hapa hapa mjini.

Tulikuwa na diwani, msibani humwoni. Akija anakaa dakika tano, anaangalia saa. Hana utani, hana salamu ndefu, ukimwomba nauli anakwambia sina. Watu wakamwita ana nyodo. Lakini gari la taka lilikuwa linakuja siku zake, na lisipokuja jioni unamkuta yuko barabarani anapiga simu mwenyewe, anamtaja mtu kwa jina, anataka jibu. Sisi wa sokoni alitukalisha akatuambia ushuru mnaolipa daini risiti ya mashine, asiye na mashine msimpe hata mia. Wakusanyaji wakamchukia kuliko sisi.

Kura za maoni za chama zilipofika akaangushwa. Hakuwa na mtu. Tuliyenaye sasa anatupenda sana, wallahi, anatuita kwa majina, mwanangu alipolazwa alikuja na juisi. Gari la taka linakuja linapojisikia, na ushuru umerudi kwenye vijikaratasi.

Mimi nilimpigia kura nani? Hilo nabaki nalo. Ninachosema, hao mama wa kikoba wasilaumiwe. Mtu akifiwa, anakumbuka nani aliingia mlangoni. Muhtasari haushiki mkono wa mfiwa.

Mtoto wa Diwani

Ningeweza kunyamaza, lakini huu uzi umenigusa pabaya. Baba yangu alikuwa diwani, mkoa huu huu wa Tanga, wilaya nyingine.

Nyumbani kwetu mlango ulikuwa unagongwa kabla ya adhana ya alfajiri. Mama anawasha jiko hajui ni nani, anajua tu kuna wageni. Huyu anataka ada. Huyu mtoto wake kakamatwa. Huyu kaandikiwa dawa hana hela. Huyu hana shida yoyote, kaja kunywa chai ya diwani kwa sababu alimpigia kura. Posho ya mwezi ilikuwa inaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Baba aliuza kipande cha shamba la minazi alilorithi, akasema atakinunua tena. Hakukinunua. Kisha akaanza kukopa kwa mtu mmoja mwenye zabuni za ujenzi.

Nadhani mnaelewa nikifika hapo. Yule mtu akijenga darasa likapasuka ukuta kabla ya kupigwa rangi, baba angesimama barazani aseme nini? Nilimwona akirudi kutoka vikaoni, anavua viatu, haongei. Wananchi walikuwa wanamwita mtu wa watu. Mtu wa watu maana yake mfuko wake umekaa wazi, na mfuko ukikaa wazi lazima kuwe na anayeujaza.

Dada fundi, mwulize diwani wenu swali ambalo baba hakuwahi kuulizwa na mtu: hayo maturubai anayalipa nani? Mwulize faragha, sio mkutanoni. Akikujibu vizuri, mpe tisa na mimi nitaunga mkono. Akigeuza maneno, basi umeshajua kwa nini kwenye jambo fulani anabana na kwenye jambo jingine anashukuru wajumbe.

Mkazi wa Fukayosi

Niko Bagamoyo, vijijini. Huku mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya watu. Yasiposomwa, wazee wanagoma kufungua ajenda nyingine. Wanakaa tu, wanatafuna miwa, mwenyekiti anatokwa jasho. Diwani akija anakuta watu wameshasomewa, hana pa kujificha. Nyinyi mjini mna ubao wa matangazo pale ofisini? Umebandikwa nini? Anzeni na hapo kabla ya hiyo manila yenu.

Fundi Cherehani

Ubao tunao. Kuna tangazo la chanjo ambalo jua limelila maandishi, na namba ya simu ya fundi wa friji.

Bajaji Nyekundu

Nimesoma yote. Kwa ajili ya vyoo mpe tatu. Mwanangu wa kike anasoma pale.

Na kodi ya jengo ninayokatwa nikinunua umeme wa LUKU, 1,500 kila mwezi, hiyo nayo ni ya nani?

Mtendaji Mstaafu

Hiyo inakusanywa na serikali kuu, haipangwi na diwani. Usimhesabie diwani. Mhesabie ushuru wa soko na tozo ya taka, hizo ndizo anazopitisha yeye na wenzake.

Mtoto wa Diwani, pole. Nimewajua wengi kama baba yako.

Fundi Cherehani

Nimerudi kuwaeleza, maana mmenisaidia.

Manila tuliibandika, lakini alama tuliziacha. Vijana walinung'unika kidogo, mmoja akasema nimehongwa. Nikamwambia akae aandike yeye, akakaa. Juu tukaandika vyoo vya shule, kwamba diwani alivisimamia kuanzia kikao cha kata mpaka vikajengwa, na tunashukuru. Chini yake tukaandika maneno ya muhtasari kama yalivyo, "suala la mtaro litafuatiliwa", na chini ya hayo swali: na nani, lini? Kisha mikopo ya asilimia 10, vikundi vingapi vya kata yetu vimeomba, vingapi vimepata. Kisha mnunuzi wa chuma chakavu. Basi. Turubai halikuandikwa popote, na mama mmoja wa kikoba hajanisamehe mpaka leo.

Diwani alikuja mapema, akasalimia watu mmoja mmoja kama kawaida yake. Alipoiona karatasi akatoa miwani. Alisoma mstari wa kwanza akageuka, "Nani kawaambia habari za vyoo?" Sura yake, jamani, kama mtoto aliyekutwa anasali peke yake. Aliposhuka kwenye mtaro akakunja miwani akarudisha mfukoni. Akasimama akaongea vizuri sana kuhusu mshikamano. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga, anajua kuongea.

Halafu yule mzee wa mtaa wa pili, msinziaji, tuliyemwalika, akanyoosha fimbo. Akasema, "Mheshimiwa, mtaro utauuliza baraza lijalo, au utashukuru wajumbe?" Pakawa na kicheko kikubwa mpaka polisi jamii wakachungulia dirishani. Diwani naye akacheka, akasema ataulizia. Mzee akasema hapana, tutajie tarehe, tuje tukusikie. Akamgeukia mtendaji, wakanong'ona, akataja tarehe. Nimeiandika kwenye daftari la vipimo vya sare, pamoja na maneno yake.

Swali la turubai sijamuuliza. Mtoto wa Diwani, naogopa jibu, nakuambia ukweli. Nikipata siku ya utulivu nitamfuata.

Mtaro uko vilevile. Juzi nondo nyingine imeondoka.

Sasa babu mstaafu, hili ndilo la mwisho: baraza tunaruhusiwa kuingia kweli au tutafukuzwa getini? Tunakuja watu wachache tu, mimi, mzee wa fimbo, vijana wawili, na yule mama aliyeninunia anasema naye anakuja kuhakikisha diwani wake haonewi. Bajaji Nyekundu katuahidi usafiri, nusu bei.

Mtendaji Mstaafu

Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, labda waamue kugeuka kamati, hapo mtatolewa nje na wala msibishane. Fikeni mapema, viti vya wageni ni vya nyuma na vinajaa. Getini semeni mmekuja kusikiliza baraza, msiseme mmemfuata diwani fulani. Hamtaruhusiwa kuongea, hata mkiguswa. Zimeni simu. Vijana wasije na fulana za chama chochote.

Kaeni mpaka mwisho. Maswali ya papo kwa papo watu wanayapenda, lakini mambo ya taka na mitaro yanakuja ndani ya taarifa za kamati, wakati wengine wameshatoka kutafuta chai. Hapo ndipo umwangalie kama bado yuko kwenye kiti chake.

Bajaji Nyekundu

Nusu bei nilisema kwa kwenda. Kurudi bei kamili, barabara ile mnaijua.